Msimu wa Leverkusen Nyumbani kwa Mwanangu

Jumamosi, 13 Januari 2024. Champlin, Minnesota

Nimefika juzi. Baridi ya huku si ile ya Machame ya mwezi wa saba. Hii inakushika pua na kuganda ndani yake. Pale uwanja wa ndege mwanangu Elihuruma alinivalisha koti lake juu ya langu, akanifunga zipu hadi kidevuni kama mtoto wa chekechea. Nimefundisha maisha yangu yote nikifunga watoto vifungo, na sasa nafungwa mimi. Nilifurahi sana.

Mkewe, Verediana, ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ni Mhaya, Mkatoliki, mpole, anatembea ndani bila kusikika. Mjukuu wangu Shekinah yuko darasa la kwanza. Kiswahili anakielewa chote, ila kila ninachomwuliza ananijibu kwa Kiingereza. Nimekuja kukaa naye hadi shule zifungwe, maana wazazi wake wanapishana kwa zamu.

Asubuhi tumeamshwa na mpira. Elihuruma alisomea uhandisi Ujerumani, akapanga chumba mji wa Leverkusen, akarudi na shahada na timu. Anasema timu hiyo watu huicheka, kwa kuwa hukaribia kombe kisha ikawa ya pili. Msimu huu bado haijafungwa na mtu, si kwenye ligi, si kwenye kombe la nyumbani, si Ulaya. Leo walicheza na Augsburg. Muda ulikuwa umekwisha, refa kaongeza dakika chache, ndipo wakapata bao lao moja. Elihuruma aliruka, akaupiga ngumi mlango wa kabati la jikoni, mbao ikapasuka. Damu ilimtoka vidoleni na huku anacheka. Verediana alileta kitambaa na ufagio kwa pamoja kabla hajaambiwa. Nikajisemea, huyu ni mke hodari.

Jumamosi, 20 Januari

Leipzig walitangulia mara mbili. Mara ya pili Elihuruma alirusha rimoti ukutani. Verediana alikuwa anapita na kapu la nguo, ikampata juu ya sikio. Aliweka kapu chini taratibu, akaenda bafuni, akafungulia maji.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Na wewe mama Shekinah, mtu anatazama mpira, unapita mbele yake ya nini?"

Alinitazama kupitia kioo. "Samahani, Mama," akasema.

Leverkusen walishinda tatu kwa mbili, dakika za mwisho tena. Elihuruma akaja akambusu mkewe pale pale palipovimba.

Jumamosi, 27 Januari

Sare, hakuna bao. Ndizi zilipoa mezani, hakuna aliyezigusa.

Jumanne, 6 Februari

Robo fainali ya kombe la Ujerumani, dhidi ya Stuttgart. Elihuruma alitoka kazini mchana ili atazame. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya kuwekwa moyoni, na mara mbili amekosa cheo cha msimamizi, kila mara akiwa wa pili kwenye orodha. Alinieleza hayo huku timu ikiwa nyuma, macho hayabanduki kwenye runinga. Walisawazisha, wakafungwa tena, wakasawazisha tena, na dakika ya tisini wakashinda.

Nimegundua kwamba wakishinda, nyumba hii inapumua. Kwa hiyo nimeanza kuwaombea.

Jumamosi, 10 Februari

Leo sina hamu ya kula.

Tulikwenda kwenye mgahawa wa mama mmoja Mkenya, Brooklyn Park, ambako watu wetu hukutana kutazama mpira. Leverkusen na Bayern, wakubwa wao wa miaka yote. Gaudens alikuwepo, rafiki wa Elihuruma tangu Ujerumani, anayeishi Apple Valley upande wa kusini. Alinipa shikamoo na kunitafutia kiti karibu na joto. Verediana alikuwa kazini, nami nilimkalisha Shekinah kando yangu.

Leverkusen walishinda tatu bila. Tatu bila, dhidi ya Bayern. Wote waliokuwa upande wetu walikuwa wamesimama wakipeana mikono. Kijana mmoja Mkenya, Griffins, aliyevaa jezi nyekundu ya Bayern, akaja kwa uungwana, mkono mbele. "Hongera, bro," akasema. "Lakini tujuane, mwezi wa tano mtalia tu. Ni kawaida yenu."

Watu walicheka. Elihuruma naye alicheka. Akamalizia soda yake, akaishika chupa shingoni, akampiga nayo mdomoni.

Griffins alianguka juu ya meza, kisha chini, mwanangu juu yake. Nimeshaona wanaume wakipigana. Hupiga kelele, hutukana, hukosea ngumi. Elihuruma hakusema neno. Alipiga kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga, na kabla ya kila ngumi alimgeuza uso yule kijana ili aupate vizuri. Gaudens na wenzake wawili ndio waliomng'oa.

Nilipogeuka kumziba macho Shekinah, hakuwepo kitini. Alikuwa chini ya meza, vidole masikioni. Mama mmoja wa meza ya jirani akaniambia kwamba mtoto aliingia huko kabla ya chupa, baba yake alipoanza kucheka.

Griffins amepoteza meno mawili. Mwenye mgahawa alitaka kuita polisi. Gaudens akambembeleza kwamba sisi ni watu wa kanisa, tutayamaliza wenyewe. Ndani ya gari Elihuruma alimwuliza Shekinah kama anataka aiskrimu. Mtoto akajibu kwamba anataka. Nadhani aliona hilo ndilo jibu salama.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Verediana alirudi na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akaniomba nimsaidie zipu ya mgongoni. Mkono wake, juu ya kiwiko, ulikuwa na alama za vidole, nne upande mmoja, moja upande wa pili.

"Ni mzee mmoja kazini, Mama. Kumbukumbu zimempotea, hukamata watu."

Nilimkanda kwa maji ya moto. Alama ya kidole gumba ilikuwa kubwa kwa mzee. Sikuuliza zaidi.

Jumapili, 3 Machi

Köln wamefungwa mbili bila, nasi tumekuwa na siku njema. Watu wa hapa wanashangaa kwamba msimu huu theluji karibu haikuonekana, na barafu ya mtoni imekwisha mapema. Tulitembea kando ya Mississippi, Elihuruma amembeba Shekinah mabegani, akimfundisha kuhesabu kwa Kijerumani. Nilimtazama nikasema, huyu ndiye niliyemzaa.

Alhamisi, 7 Machi

Timu ya Azerbaijani, Qarabag, iliwatangulia mbili bila. Wakasawazisha dakika za nyongeza. Sare.

Verediana alikuwa na siku ya mapumziko. Baada ya mpira wawili hao walipanda chumbani. Nilisikia kitu kikigonga ukuta. Kikagonga tena. Kisha sauti ya Elihuruma, ya chini, ya kueleza, kama mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mzito. Nilikwenda hadi katikati ya ngazi, nikarudi jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alhamisi, 14 Machi

Nataka niyaandike haya kama yalivyokuwa, maana kesho wataniambia sikuona vizuri.

Ilikuwa marudiano na Qarabag. Elihuruma alifanyia kazi nyumbani ili atazame. Shekinah alikuwa kwa rafiki yake wa jirani. Mimi nilikuwa jikoni nikikanda unga wa chapati. Leverkusen wakafungwa la kwanza. Wakafungwa la pili. Nilisikia sofa ikipigwa teke. Verediana alikuwa karibu kutoka zamu, nami nikawaza, akiingia sasa itakuwaje?

Nikaomba. Mimi, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, mikono ndani ya unga, nikasema: Bwana, wape hao vijana mabao matatu. Nimewahi kuomba mvua. Nimewahi kuomba darasa langu lifaulu. Mabao sijawahi kuomba. Yakaja. Moja, halafu muda wa kawaida ukaisha, halafu la pili, halafu la tatu. Elihuruma alikuja mbio jikoni, akaninyanyua, akanizungusha, unga ukamwagika sakafuni. Nililia kwa nafuu.

Verediana akaingia. Alikuwa na sare yake ya kazi, viatu mkononi ili asichafue.

"Umeona?" Elihuruma akamwuliza.

"Nini?"

"Mpira."

"Nilikuwa kazini, baba Shekinah."

"Hata kuuliza kwa simu hukuuliza."

"Hongera," akasema Verediana. "Hongereni sana."

"Sema kama mtu anayemaanisha."

Akasema tena hongera, akatabasamu. Elihuruma alimpiga ngumi ya taya. Alianguka na kichwa kikagonga mlango wa friji. Alipokuwa chini, akampiga teke la paja, akasogea hatua, akachagua mahali, akampiga la pili. Nilipaza sauti nikamwita kwa majina yake yote matatu, kama nilivyomwita alipokuwa mdogo.

Akageuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mama, kaa pembeni," akasema. "Hii ni nyumba yangu."

Kisha akanawa mikono kwenye sinki, akaniuliza kama chapati ziko tayari.

Baba yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Hakuwahi kumpiga mbwa. Nimekaa hapa kitandani nikitafuta wapi pa kupeleka lawama, ukoo gani, mwaka gani. Sipati. Na walikuwa wameshinda. Nilipewa mabao yote niliyoyaomba.

Jumapili, 17 Machi

Elihuruma alipiga magoti mbele yangu na mbele ya mkewe, akaapa kwa Biblia. Alilia machozi ya kweli. Ni presha, Mama, alisema, ni kazi, ni kuwa wa pili kila mahali. Verediana alimshika bega. Taya lake lilikuwa la manjano na zambarau. Kazini amesema aling'olewa jino.

Nimemwamini. Ni mwanangu.

Jumatatu, 25 Machi

Theluji iliyokosekana tangu nifike imekuja yote kwa mara moja. Elihuruma aliisafisha njia yetu kwa beleshi, kisha ya jirani mzee, kisha ya jirani wa pili. Wote wanampenda. Walimpungia mikono madirishani.

Jumamosi, 30 Machi

Kesho ni Pasaka. Hoffenheim waliongoza karibu mchezo mzima. Verediana alikaa kwenye kona ya sofa, funguo za gari zikiwa ndani ya kiganja chake. Nilizihesabu pumzi zake badala ya dakika. Mabao mawili mwishoni, wakashinda. Hakuna kilichotokea. Sisi watatu wanawake wa nyumba hii tulienda kulala tumechoka kama tuliolima.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeshindwa kuandika tangu Jumapili. Mkono wa kushoto uko ndani ya plasta. Namshukuru Mungu si huu wa kulia.

Jumapili Leverkusen wamekuwa mabingwa wa Ujerumani, mara ya kwanza tangu klabu izaliwe. Waliwafunga Bremen tano bila, na kabla refa hajapuliza mashabiki walijaa uwanjani. Nyumba yetu nayo ilijaa. Gaudens alikuja na ngoma. Keziah alikuja, Mkenya wa Maple Grove anayefanya kazi na Verediana, mama mkubwa wa umbo mwenye kicheko cha kujaza chumba. Elihuruma alipiga magoti mbele ya runinga akalia, na watu wakalia naye. Tulikula pilau, tukachoma nyama nje ingawa hewa bado ilikuwa ya baridi. Elihuruma alitoa hotuba. Alisema wale waliocheka wamenyamaza.

Wageni waliondoka alasiri. Shekinah nilimpeleka chumbani kwake nikamwashia katuni. Nilipokuwa nakusanya sahani, Elihuruma akamwuliza mkewe, "Mlikuwa mnacheka nini na Gaudens?"

"Wali ulishika chini. Alinitania."

"Alikutania wali."

"Ndiyo, baba Shekinah."

Alimshika nywele. Alizizungusha mkononi mara moja, kama mtu anavyokunja kamba, akamburuta kupita mlango wa gereji. Verediana hakupiga kelele. Nilielewa baadaye kwamba ni kwa sababu ya mtoto. Nilipofika gerejini alikuwa amemkandamiza kwenye gari, na mkono wa pili ameshika beleshi la theluji. Alimpiga nalo mgongoni kwa ubapa. Nilisikia hewa ikimtoka. Alipoinua tena nikaingia katikati.

"Nipige mimi," nikasema. "Anza na mimi."

Alinisukuma kwa mpini wa lile beleshi, kifuani, kwa nguvu zake zote. Nilianguka kwenye ngazi za saruji na mkono chini yangu. Ulilia kama kuni kavu.

Hapo hapo akabadilika. Beleshi akalitupa, akanipigia magoti. "Mama. Mama, nisamehe. Umeumia wapi?" Akaniingiza garini kwa upole, akanifunga mkanda. Njiani kwenda hospitali alinishika goti na kuniambia, "Umeteleza, Mama. Ukisema vingine, hapa huwa wanachukua watoto. Watamchukua Shekinah."

Hospitalini muuguzi alimwomba atoke nje. Wakaniletea mkalimani kwa simu, mwanamke wa Kongo kwa lafudhi yake. "Mama," akasema, "wanauliza: kule nyumbani, uko salama?"

"Ndiyo. Niliteleza."

Akauliza, "Mama, niwaambie hivyo?"

"Waambie."

Nilipokuwa nasema, nilisikia sauti ya Verediana ikisema, ni mzee mmoja kazini.

Jumapili, 21 Aprili

Elihuruma amekwenda kutazama Dortmund kwa Gaudens. Keziah alikuja na chungu cha supu. Aliangalia plasta yangu, akamwangalia Verediana ambaye hawezi kukaa na mgongo wake ukagusa kiti, akafunga mlango.

"Mum, nitakuambia kitu na usikasirike," akasema. "Cousin yangu alikuwa na bibi huko Texas. Sisi wote tulijua anampiga. Church yote ilijua. Tulikuwa tunaomba tu. Siku ya kumzika, mama ya yule bwana ndiye alilia kuliko watu wote. Sitaki kukuona ukilia hivyo."

"Watamchukua mtoto," nikasema.

"Nani amekuambia? Yeye?"

Verediana akasema polepole kwamba makaratasi yake ya kukaa nchini yamepitia kwa mumewe, na kila mara humkumbusha. Keziah alisema kuna mawakili wa mambo hayo hayo, na kwamba yeye binafsi atampeleka. Kisha akanigeukia. "Ukipiga 911, Mum, anza na address. Hata ukinyang'anywa simu, polisi watakuja."

Nimeandika anwani ya nyumba hii kwa kalamu upande wa ndani wa plasta, kwenye ukingo. Naifahamu kwa moyo, lakini hofu husahaulisha.

Dortmund walisawazishiwa dakika ya mwisho kabisa. Leverkusen bado hawajafungwa.

Alhamisi, 2 Mei

Roma wamefungwa mbili bila, kwao. Elihuruma anasema timu yake haiwezi kufungwa tena na binadamu. Alivunja sahani moja tu, kwa furaha.

Ijumaa, 10 Mei

Jana ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Niliwasha mshumaa. Shekinah alikuwa shule.

Marudiano na Roma yalianza mchana. Leverkusen walikuwa nyuma mbili bila, kwa penalti mbili. Gaudens alipiga simu kusema kwamba hata hivyo bado wako sawa kwa jumla ya mabao, asijali. Elihuruma alikata simu. Hakutaka kufuzu. Alitaka wasifungwe. Roma wakajifunga bao. Na mwishoni kabisa, pale mtu angeweza kuzima runinga, wakasawazisha. Wamekwenda fainali.

Alikuja jikoni tulipokuwa tumeketi, Verediana na mimi, tukichambua maharage. Alisema, "Hatufungwi." Tuliendelea kuchambua. Akasema tena, kwa Verediana, "Sema hatufungwi."

Verediana aliweka punje alizokuwa nazo kwenye sinia. "Mimi nimechoka, Elihuruma," akasema. Hakumwita baba Shekinah.

Alimshika shingo kwa mikono yote miwili na kumwinua kitini. Maharage yalimwagika. Alimkandamiza ukutani, miguu yake ikawa inatafuta sakafu, na alikuwa anamwambia kwa sauti ile ya kueleza, "Sema. Sema tu. Ni neno moja." Asingeweza kusema. Hapakuwa na pumzi ya kusemea. Nilimpiga mwanangu mgongoni kwa plasta. Nilimpiga tena, nikasikia mfupa wangu ukirudi kuvunjika, naye hakugeuka hata kichwa. Macho ya Verediana yalibadilika rangi.

Nilichukua simu ya Verediana mezani, nikabonyeza 911, nikasoma anwani kwenye ukingo wa plasta kwa Kiingereza changu cha ubaoni. Nikasema: "My son is killing his wife."

Hilo alilisikia. Aliachia. Verediana alishuka ukutani kama nguo, akakaa, kisha akavuta hewa kwa sauti ambayo nitaisikia hadi nife. Elihuruma alinitazama. Nilidhani sasa ni zamu yangu. Badala yake aliketi kwenye kiti cha mkewe.

"Mama," akasema, "umeniua."

Nikamwambia, "Nimekuzuia kuua."

Polisi walikuja upesi kuliko nilivyotegemea. Walimfunga pingu mikono nyuma, naye akawajibu kwa heshima, Kiingereza safi, kama mtu anayeomba kazi. Jirani mzee alisimama kwenye nyasi zake mdomo wazi. Basi la shule lilikuwa karibu kufika. Nilitoka mbio na viatu vya ndani hadi kona, nikamteremsha Shekinah pale, nikamgeuza uso upande wa pili, nikamwuliza wamesoma nini leo.

Akaniuliza kwa Kiswahili, cha kwanza nilichokisikia kinywani mwake: "Mama amekufa?"

Jumamosi, 18 Mei

Elihuruma ameachiwa kwa masharti. Haruhusiwi kuifikia nyumba hii wala kuwasiliana na Verediana. Anakaa kwa Gaudens. Verediana anasema kwa kunong'ona, koo bado halijarudi. Wakati daktari akinifunga plasta mpya, nilimwambia ukweli wa ile ya kwanza, na akaandika.

Leo ligi imekwisha. Leverkusen wamewashinda Augsburg, msimu mzima wa ligi bila kufungwa, jambo ambalo Ujerumani haijawahi kuliona. Elihuruma alinipigia kwa simu ya Gaudens. "Mama, tumemaliza bila kufungwa," akasema. Nikamwuliza kama amekula. Akasema Ijumaa kuna kikao mahakamani, Verediana ameomba amri ya kumzuia, na kwamba mimi nikisema ulikuwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani, jaji atanisikiliza, maana mimi ni mama yake.

Kisha Gaudens akachukua simu. "Mama, mtoto ni wako. Wazungu wakishamshika hawamwachii. Mambo ya ndani tuyamalize ndani."

"Ndani ndiko nilikokuwa, Gaudens," nikasema.

Lakini sijalala vizuri. Nilimnyonyesha. Aliugua surua nikamkesha. Nikifumba macho naona pingu.

Jumatano, 22 Mei

Leo ilikuwa fainali ya Ulaya, mji wa Dublin, na timu ya Italia iitwayo Atalanta. Tangu asubuhi tulijua kwamba ikiwa watafungwa leo, masharti ya mahakama ni karatasi tu. Keziah aliomba ruhusa kazini akaja. Alisukuma sofa hadi mlangoni. Shekinah tulimpeleka kwa watu wa kanisani. Verediana alikaa sakafuni, simu mapajani. Niliwasha runinga bila sauti, si kwa kupenda mpira, bali ili nijue saa ya hatari.

Walifungwa moja. Wakafungwa la pili. Keziah alikwenda jikoni akarudi na mchi. Wakafungwa la tatu, na mtu yule yule, mabao yote matatu. Timu isiyofungwa ilikuwa inazunguka uwanjani kama watu waliopotea. Kila gari lililopita barabarani tulilisikiliza hadi likaisha. Verediana alijisogeza kwangu. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja na nikamwambia akija atanikuta mimi kwanza.

Hakuja.

Jioni, jua lingalipo, Gaudens alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha, ya mtu anayeleta habari njema. "Mama, nilitaka usiwe na wasiwasi. Nimekaa naye hapa, mke wangu yupo, watoto wapo. Wamefungwa tatu, unajua amefanya nini? Ameguna tu. Akasema ndiyo mpira. Amekula na sisi, ameosha vyombo vyote, sasa anawasaidia wanangu hesabu. Ametulia kabisa. Huyo ndiye mtu wa kumfunga? Kayaseme hayo Ijumaa."

Nilimshukuru. Nikakaa kitako kwenye ngazi.

Wenzangu walidhani nimepewa habari mbaya. Keziah aliniletea maji. Ilinichukua muda kuwaeleza. Nilikuwa nimejipa sababu tangu Januari: ni bao, ni sare, ni cheo, ni presha, ni baridi. Leo amefungwa tatu mbele ya watu, katika nyumba ya mwanamume mwenzake, na mikono yake imejua kukaa. Kumbe siku zote ilijua. Haikuwahi kumshinda. Alikuwa akiiweka akiba, anakuja nayo hapa, kwa huyu.

Verediana alinisikiliza. Akasema, kwa kile kinong'ono chake, "Mimi nilijua, Mama. Nilikuwa nasubiri ujue."

Ijumaa, 24 Mei

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyodhani, kama darasa. Elihuruma alivaa suti niliyomshonea Moshi alipohitimu. Verediana alizungumza kwanza, jaji akainama mbele ili amsikie. Halafu nikaitwa mimi. Mkalimani alikuwa kijana Mtanzania, alinipa shikamoo kwa sauti ndogo kabla hatujaanza.

Waliniuliza huyu ni nani wangu. Nikasema ni mwanangu wa kwanza. Wakaniuliza nimeona nini. Nikasema yote: rimoti, friji, gereji, mkono wangu, maharage. Sikulia. Nilisimama wima kama ninavyosimama mbele ya darasa. Mwanangu alikuwa ananitazama muda wote kwa macho yale ya pale uwanja wa ndege, aliponifunga zipu, na nilimtazama pia, sikukwepa.

Jaji alikubali amri. Hatamkaribia Verediana wala nyumba, na mtoto atamwona mbele ya msimamizi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Kwa kuwa niliumizwa na mimi, je, ninataka jina langu liwemo kwenye amri hiyo, au ningependa mwanangu aruhusiwe kunitembelea na kunipigia simu hadi nitakaporudi nyumbani Tanzania?

Elihuruma akasema, kwa Kichagga, neno ambalo mtoto humwitia mama yake.

Nikasema jina langu liandikwe.

Mkalimani hakutafsiri. Aliniinamia akaniuliza, "Mama, umelielewa swali?"

"Nimelielewa," nikamwambia. "Mwambie."